Sijida ya Kusahau

Jumanne alikuwa akimimina kahawa, nyumbani Al-Khoudh.
Kikombe kikajaa, kikafurika, mkono usijue.
"Asila, nguo yako!" Akatutazama
kama unavyotazama watu kwenye lifti.

Siku ya tisa leo. Kichwa wamekipiga picha,
maji ya uti wa mgongo wameyapima: safi.
Daktari wa Haidarabadi akavua miwani.
"Sijui, mama," kwa Kiarabu cha kuazima,
na Mama, aliyechoshwa na wajuzi,
akampenda kwa neno hilo.

Kombe kalileta ndani ya chupa ya chai,
Yasini ya zafarani, iliyooshwa sahanini.
Koo halimezi. Basi anampaka nyayo,
kidole kwa kidole,
na muuguzi wa Kerala, msalaba shingoni,
ghafla ana kazi dirishani.

Mimi nahesabu matone ya dripu.
Dua zangu huanza vizuri, halafu
huuliza maswali.

Alasiri Baba alitusalisha ubavuni mwa kitanda.
Baba, asiyekosea rakaa tangu Unguja,
alikaa kwenye ya tatu, shingo tayari kwa salamu.
Ulimi ukanikauka; sikusema subhanallah.

Ndipo chuma cha kitanda kikalia: ta.
Mkono wa Asila, kwa mgongo wake. Mara moja,
kama mwanamke anavyomzindua imamu.

Kwenye faili wameandika: mtukutiko wa misuli.

Baba aliinuka, akaitimiza ya nne,
akasujudu sijida mbili za kusahau,
na ile ya pili
akakawia,
tukakawia naye.