Kisigino cha Kushoto

Antofagasta, mwezi wa nne wa kufungiwa.
Polisi hutoa ruhusa mbili kwa wiki, za saa chache:
moja ni ya mkate na gesi,
ya pili naipeleka maabara
kuwalisha wasio na midomo.

Wanaishi ndani ya chumvi, hawa bakteria wangu wa kijani.
Niliwachimba jangwani, ambako mvua ni hadithi,
ambako bonge la chumvi hunywa unyevu wa usiku,
tone lisilotosha kulowesha ulimi wa sisimizi,
na humo, katika chumba chenye kuta za fuwele,
jamii nzima imejifungia.
Haina habari na karantini. Imezaliwa ndani yake.

Usiku tunakutana kwenye skrini.
Giacinta yuko Torino, nyuma yake king'ora cha ambulensi.
Haruomi, Sapporo, amegeuza kabati la nguo kuwa ofisi,
mashati yamemning'inia kichwani
kama wanafunzi wanaochungulia mtihani.
Tunabishana kuhusu methane ya Mirihi.
Mtoto wa Giacinta anapita uchi, akiburuta kasa wa plastiki,
hakuna anayecheka,
kisha tunacheka wote, muda mrefu kupita kiasi.

Swali letu ni lilelile tangu chuoni:
ukifika pahali pasipo na mtu
utajuaje kama paliwahi kuwa na mwenyewe?
Uhai ukiondoka, huacha nini?
Mafuta kidogo kwenye udongo.
Kaboni nyepesi kuliko inavyostahili.
Doa.

Don Eleuterio hakuyapenda maneno hayo.
Alikuwa dereva wetu miaka kumi na tisa,
jangwa alilijua kama fundi ajuavyo mguu mbovu wa meza.
Alitusubiri kwenye pikapu akisikiliza mpira,
na jioni, tukirudi na vumbi hadi kwenye kope, aliuliza:
"Haya, majirani wamepatikana?"
Mguu wa kushoto aliuburuta kidogo, ajali ya mgodini.
Kiatu chake kililika kisigino, upande wa nje.

Julai walimpeleka hospitali.
Ujumbe wake wa mwisho wa sauti una sekunde kumi na moja,
sita kati yake ni pumzi:
"Daktari... betri ya kituo... ibadilishe. Septemba itakufa."
Siku ya mazishi sikuwa na ruhusa iliyobaki.
Nilikuwa nimeitumia kununua gesi.

Septemba nikaruhusiwa kwenda, peke yangu,
na barua yenye mihuri mitatu.
Betri ilikuwa hai bado. Niliibadilisha hata hivyo.
Nilipoinama nyuma ya jiwe, upande usiofikiwa na upepo,
nikaona nyayo: kulia, kushoto, kulia, kushoto,
kisigino kimelika nje,
na baada ya kila kushoto mchirizi mdogo.
Za Machi hizo. Hakuna mvua iliyopita kuulizia.

Husemwa asiyekuwepo na lake halipo.
Lake lipo. Nimelipima:
sentimita ishirini na saba, kina milimita nane.
Nimeliandika daftarini, safu ya ushahidi,
chini ya kloridi na joto la udongo:
*mmoja, mtu mzima, alielekea kwenye gari.*
Giacinta ataniuliza nimethibitishaje.
Sijui nitamjibu nini.

Nilirudi kwa kuzunguka mbali, nisikanyage.
Redio ya pikapu ilikuwa bado kwenye stesheni yake.
Walikuwa wanacheza katika uwanja mtupu,
na mtangazaji, sauti imemkauka,
akivipigia viti kelele za goli.