Nukta Mbele ya Jumlisha

Faili langu halina rangi wala picha.
Maandishi matupu, jina lake "kazi";
ungeweza kulichapa kwa taipureta ya skuli
na lisipoteze kitu.
Mize hulichungulia begani kwangu:
"Wewe umeoa orodha."

Mstari wa kwanza, maji.
Hapa Limbani bomba hukohoa saa nane za usiku,
leo ndiyo, kesho siyo.
Nimeliwekea jumlisha mbili: ukikosa, ruka,
shika zamu iliyo mbele,
maji ya juzi hayakingiki kwa ndoo ya leo.

Kodi ya banda la cherehani ina jumlisha moja.
Hiyo haisamehe.
Nilimuuguza dada Mkoani miezi mitatu;
niliporudi, miezi mitatu ilikuwa imekaa barazani
ikinisubiri, mmoja mmoja.

Kunyoa, na kubadili kichujio,
kuna nukta mbele ya jumlisha:
hesabu huanza siku uliyotenda,
si siku uliyoahidi.
Nywele hazijui kalenda.

Siku nne za funga ninazodaiwa sikuzipatia alama.
Nimeziandika moja moja, mistari minne.

Halafu kuna kutembea.
Daktari kasema sukari imepanda, tembea kila jioni.
Programu hunichorea safu:
siku niliyokwenda, nyota; siku niliyolala, pengo.
Sasa ni nyota ishirini na sita mfululizo,
hata ile jioni masika yalipobomoa ukuta wa jirani.
Watu nimewaonesha.
Ninapogeukia sikuwaonesha.

Nageukia dukani kwa Asaa, Jadida,
hatua sitini kabla ya mlango wa kaka yangu Faki.
Nanunua kiberiti.
Viberiti nilivyonavyo vyatosha kuunguza Wete nzima.

Jina lake limo chini kabisa ya faili:
Kumtembelea Faki, kila Mfungo Mosi, jumlisha moja.
Tangu ile mikarafuu kumi na saba ya baba
(kumi na saba haigawiki kwa mbili,
tukagawika sisi)
mstari huniambia kila asubuhi, bila hasira:
umechelewa siku elfu moja mia tano na kumi na mbili.
Idi tano. Na alama yangu yataka nizilipe zote.
Mtu huingiaje katika Idi ya miaka minne nyuma,
na kwa kanzu ipi?

Jana usiku, nikisubiri bomba likohoe,
nilirudisha kidole hadi mbele ya jumlisha,
nikaweka nukta.
Faili halikuuliza kwa nini.

Leo jioni Asaa aliponiona
alinyoosha mkono kwenye viberiti.
La, nikamwambia, leo nipimie sukari, kilo mbili.
Akanitazama, anaijua hali yangu.
Si yangu, nikasema.