Chanzo cha Sauti

Mwalimu Kwamboka alitugawia nchi kwa kura,
vikaratasi ndani ya kopo la kahawa.
Kundi la Nyarangi likaokota Brazili,
wakaruka kama waliofunga bao.
Sisi tukafunua chetu: Aisilandi.
Chelagat akauliza kama hiyo ni nchi
au ni jina la ugonjwa wa baridi.

Shule yetu iko Kiti, mgongo umeegemea Menengai.
Vishikwambi ni sita, watoto arobaini na wanane,
na chetu kioo kina mpasuko toka juu hadi chini,
kwa hiyo Ulaya tuliisoma ikiwa na bonde la ufa.

Tulijifunza kwa kadiri ya bando.
Kwamba miti huko ni haba.
Kwamba mtu huitwa kwa jina la babaye,
mwana wa fulani, binti wa fulani,
na Kimosop akatabasamu: kumbe nao wana arap!
Kwamba mwezi wa Juni giza haliji,
na Zubeda akauliza, anayefunga je,
afuturu saa ngapi?
Tukatazamana.

Picha zikashuka moja moja:
farasi wafupi, nywele zimewaziba macho,
mapaa ya mabati mekundu,
na moshi mweupe ukitoka ardhini, wima,
kama mtoto aliyeitwa jina darasani.
Nikasema, moshi huu mimi naujua.
Nikafungua dirisha.

Video yenye sauti ya mvuke ilikwama nusu ya safari,
kiduara kikizunguka
kama ng'ombe aliyefungwa kigingini.
Siku tatu kilizunguka. Kisha bando likafa.

Basi Jumamosi tukapanda, sisi wanne,
na simu ya mamake Zubeda
iliyokazwa kwa mpira betri isidondoke.
Tulipata mwanya kando ya njia, mwamba una jasho.
Kimosop akalala kifudifudi,
akainyoosha simu taratibu
kama anayemlisha mbwa asiyemjua.
Ssssss, ikasema nchi.
Dakika moja na sekunde kumi na mbili,
Chelagat ameziba pua asipige chafya.

Jumatatu projekta ilikubali mara ya nne.
Mapazia yakafungwa kwa pini za nywele.
Farasi wakapita, mabati yakapita,
moshi ukapanda ukutani juu ya nyufa za plasta
na Aisilandi ikahema.
Hata Nyarangi alikunja mikono kifuani, akasikia baridi.

Sekunde ya arobaini, mbuzi akalia.
Kisha mwanamume, kwa sauti ya kuchoka:
"Wewe! Toka kwa mahindi ya watu!"

Darasa likaanguka chini kwa kicheko.
Kuna aliyepiga dawati hadi msumari ukatoka.
Mwalimu hakucheka. Akasimamisha video,
akaelekeza kidole pembeni mwa ubao,
neno lililokaa pale kwa chaki nyekundu tangu muhula uanze:
Chanzo?

Ulimi ulishaandaa kusema mtandao.
Mtandao hubeba mizigo ya wengi na haulalamiki.
Lakini mbuzi alikuwa ameshatoa ushahidi.
Nikasema: Menengai, mwalimu.
Jumamosi, saa nne asubuhi.
Simu ni ya mamake Zubeda.

Alitukata alama tatu kwa kutosema mapema.
Akabaki anatazama ukutani, ule moshi uliosimama,
chaki ikizunguka vidoleni mwake.
"Irudisheni mwanzo," akasema.
Tukasikiliza tena, safari hii bila kicheko,
na mtu alipomfukuza mbuzi
nilisikia, nyuma kabisa, nisilolisikia kule juu:
pumzi yangu mwenyewe, karibu na simu,
ikiingia na kutoka pamoja na ya mlima.

Tumesahihisha. Chini ya moshi sasa tumeandika:
Picha, Aisilandi. Sauti, hapa.
Mbuzi tumemwacha.
Na slaidi ya mwisho haina picha wala rangi,
ni swali la Zubeda tu, peke yake kwenye weusi,
linangoja bando.