Daftari la Madeni

Karani Orpha ananipa glavu za pamba,
ananionyesha meza, kisha saa ya ukutani:
"Tunafunga saa kumi. Kalamu ya wino marufuku."
Hapa chini ya mahakama ya kaunti ya Tarrow, Ohio,
bomba la mvuke linakohoa kama mzee wa kanisa,
na nje theluji ya Machi haijaamua
kama inaanguka ama inaaga.

Nimekuja kumtafuta Elihu Prather.
Kwetu alikuwa jina la mezani:
wa kwanza kuvuka mto na shoka na maksai wawili,
wa kwanza kuangusha mwaloni,
wa kwanza, wa kwanza. Bibi alilitamka neno hilo
kama mtu anayehesabu fedha zake mwenyewe.
Lipo jiwe njia panda lenye jina la Elihu.
Nililijua kwa vidole kabla ya kuzijua herufi.

Siku ya kwanza, hati za ardhi. Hamna kitu.
Siku ya pili, wosia: nguruwe, vijiko sita vya bati,
godoro la manyoya, "limechakaa."
Siku ya tatu Orpha, bila kuinua macho,
akanisukumia kitabu chenye harufu ya panya:
"Wote huanza na ardhi. Wewe jaribu pombe."

Kilabu cha Ketterman, mwaka 1819.
Wino umegeuka rangi ya chai iliyosahauliwa kikombeni.
Kila mtu yumo, maana kila mtu alikuwa na kiu:
hakimu, robo painti, na robo, na robo tena;
mhubiri Amzi Coulter, wiski, "kwa ajili ya kifua";
mpima ardhi, nusu ya kitanda,
nusu nyingine kwa mtu asiyemjua;
shayiri ya farasi; mshumaa mmoja.
Ukurasa wa mwanzo kabisa, kabla ya wa kwanza wetu:
"Yule Mshawnee wa chemchemini,
aliyetukuta naye akatukaribisha. Chumvi. Amelipa."
Kisha Elihu, Elihu, Elihu,
hata karatasi yenyewe inapepesuka.
Analipa kwa ngozi za rakuni.
Analipa kwa siku mbili za kuchimba kisima.
Analipa kwa gurudumu la kusokotea sufu, "la mkewe."

La mkewe.
Nikaondoa mikono mezani.
Katika sensa mke huyo ni kistari tu,
kimoja, kwenye safu ya wanawake
wa miaka ishirini na sita hadi arobaini na mitano.
Jina hana. Alikuwa na gurudumu,
na gurudumu limenywewa.
Dawa ya deni kulipa;
haisemwi ni nani atakayeimeza.

Kuanzia Novemba mwandiko unabadilika.
Ketterman amekufa kwa homa, leseni ingali yake,
marehemu anauza pombe miaka minne mfululizo.
Anayeandika ni mjane:
herufi nene, zimelala ubavu,
kama za mtu aliyejifunza kuandika
mkono mmoja ukiwa ndani ya unga.
Naye, pembezoni, chini ya hesabu ya mishumaa:
"Gurudumu la Keziah nimemrudishia usiku.
Hili lisiandikwe."

Akaliandika.

Penseli yangu ikavunjika kwenye herufi ya K.
Orpha akanichongea nyingine, hakuuliza.

Kilabu hakipo. Ni shamba la mahindi sasa,
mabua yamekatwa, tangi la mbolea,
mbwa asiyenitaka.
Mwenye shamba akanielekeza kwa kidevu:
kule, penye bati lenye rangi nyekundu, HATARI.
Nikalisogeza kwa mguu, kiasi cha kiganja.
Sikuwa na sala wala hotuba.
Niliangusha kokoto, nikahesabu
moja, mbili,
siku mbili za kazi kwa painti tatu za wiski,
tatu.

Alichimba vema, lazima nikubali.
Maji bado yapo.