Namba 218

Julai, Uru. Ukungu umekaa migombani
kama mgeni asiyejua kuaga.
Baridi si ya kuua; ni ya kuvaa sweta
na kulivua kilomita ya tatu,
ukalifunga kiunoni, likakuchapa matako njia nzima.

Mlima wenyewe hauonekani. Tunaukanyaga tu.

Tangu ya kumi na nane sikimbii, napanda:
mikono magotini, udongo mwekundu unateleza,
mbele yangu soksi za kijani za Ndelilio, fundi cherehani,
aliyeniapia jana kwamba mguu unamuuma.

Kisha njia ikakata mfereji
nikaijua kabla sijaiona:
jiwe lenye ufa, isale upande wa kushoto, mruko mmoja.

Mara ya mwisho kupita hapa mbio
nilikuwa na miaka kumi na mmoja, usiku, peku,
nimetumwa kumwita muuguzi wa zahanati.
Nilifika. Tulirudi. Tulichelewa.

Shangazi Aikande katoka na mzigo wa majani ya ng'ombe.
"We Ndeshi! Nani kafa?"
Huku kwetu mtu mzima hakimbii bure.
"Hakuna, shangazi! Ni mbio tu!"
"Mbio za kwenda wapi?"
"Narudi nilipoanzia!"
Akacheka hadi mzigo ukamponyoka.

Nikauruka mfereji.
Zimebaki kumi na moja, nyingi za kuteremka,
magoti yanalia kama bawaba za ghala,
na kwa mara ya kwanza katika njia hii
hakuna anayesubiri nifike.