Mizani ya Isyonje

Imeletwa na Kenta ya halmashauri,
imefunikwa turubai la bluu kama mgonjwa wa rufaa.
Tuliishusha watu sita. Mvua ya Uporoto,
ile isiyonyesha wala isiyokatika,
ilitukalia mabegani tangu alfajiri.

Mimi ndiye karani wake. Nimesainishwa.
Babu yangu naye alihangaika na mizani:
alihesabu kwa vidole, nane kwa nane,
akimsifu mkewe, akimsema jirani,
na mstari uliozidi silabi moja
aliuita lumbesa, akaufuta.

Lumbesa sisi tumezaliwa tukaikuta.
Gunia hujaa mpaka mdomoni,
kisha hushonewa kichwa cha pili kwa katani,
madebe mawili ya viazi yasiyo na jina,
na Fuso huteremka na vichwa viwili viwili
sisi tumelipwa kimoja.

Siku ya uzinduzi walikuja wote.
Tarumbeta za Moraviani zilitoa sauti na mvuke.
Diwani Bupe Mwashiuya alikata utepe
kwa mkasi wa fundi cherehani,
ule wa sherehe ulisahauliwa mjini.
Akasema: kuanzia leo, kilo ni kilo.
Tukapiga makofi mpaka viganja vikapata joto.
Wali ulipikwa wa watu mia, tulifika mia tatu.
Hapo hakuna aliyepima.

Jumatatu Fuso hazikuja.
Jumanne hazikuja.
Viazi vikaanza kuchipua ghalani,
vikitutazama kwa vijicho vyeupe.
Dalali akapiga simu, anatafuna kitu:
"Ng'ambo ya mlima hawana mizani, ndugu yangu.
Ng'ambo ya mlima wana viazi."

Jumatano usiku nikasikia sindano.
Unaijua sauti ya katani ikipenya gunia?
Kama mtu anayenong'ona, anavuta pumzi, ananong'ona tena.
Nyumba ya kwanza, ya tatu, ya shemeji yangu.
Sikutoka.
Ufunguo wa mizani nilikuwa nao,
bei sikuwa nayo.

Mkutano wa dharura, darasa la nne, madawati ya watoto,
magoti yetu yamefika kidevuni.
Mtendaji Nzunda akasoma sheria ya vipimo,
kifungu, kifungu kidogo, adhabu yake.
Subilaga Sheyo, mwenye ekari moja na nusu,
akasimama na mwavuli wake:
"Sheria tumeisikia. Mnunuzi yuko kifungu cha ngapi?"
Wakacheka. Yeye hakucheka.
"Mizani moja ni kichekesho. Mkweli mmoja sokoni
ndiye anayerudi na mzigo wake.
Karani, waandikie wa ng'ambo. Wao nao wana migongo."

Nikaandika. Nakala tano, muhuri, pikipiki.
Vijiji vitatu vikajibu ndiyo,
kimoja kikauliza posho ya kikao,
kimoja mpaka leo kimya.
Nikaandika pia kwamba banda la mizani linavuja.
Nimejibiwa: bajeti ijayo.

Jumamosi ikaja Fuso moja.
Dereva akajipima mwenyewe kwanza, kwa utani:
themanini na mbili, pamoja na viatu.
Halafu akaacha utani, akasema leteni.

La kwanza lilikuwa gunia la Subilaga.
Alikuja nalo na kichwa chake, mazoea hayaishi wiki moja.
Nikakata katani. Viazi vikaporomoka
vikazunguka miguu yake, vingine vikakimbilia barabarani,
watoto wakavifukuza.
Mshale ukatetemeka, ukarudi, ukatulia.
Nikaandika: mia moja.
Nikahesabu kwa vidole, sijui kwa nini,
nane kwa nane,
na mstari ulikuwa umetimia.

Pembeni yakabaki madebe mawili.
Mama yule aliyatazama
kama wageni waliofika bila taarifa,
akatandika khanga chini, kwenye tope,
akaanza kuyakusanya, kiazi kimoja kimoja,
na alipojitwika akaniuliza, kwa sauti ya chini,
kama hayo nayo
yanalipiwa ushuru.