Trekta la Kaur

Mabango yetu yalijua kauli moja tu: usi.
Usichume. Usiwashe moto. Usitoke kwenye njia ya mbao.
Bango lisilo na paukwa,
nani angeliitikia pakawa?
Vijana wa Ilvesoo walikipita kinamasi chao wameinamia simu,
kama watu wapitao mbele ya duka lililofungwa.

Mwezi Machi, maji ya theluji yalipofika kizingiti cha shule
(huku Estonia tunayaita majira ya tano,
manne hayatutoshi),
niling'oa mabango sita kwa bisibisi,
nikayapaka rangi nyeupe, nikawapelekea darasa la nane.
Andikeni nyinyi, nikasema.
Tuandike nini?
Chochote, ilimradi mtu asimame.

Teele aliandika barua ya kuvumwani kwa kiatu:
"Mimi hukua milimita moja kwa mwaka.
Unyayo wako una kina cha miaka sitini."
Rauno alichora korongo, na chini yake neno moja, Shii.
Wengine waliandika walichodhani mwalimu anakitaka.

Kaur, wa kofia ya jaketi, wa kiti cha nyuma,
aliandika uongo.

"Hapa, mwaka 1974, trekta la shamba la ushirika
lilizama likinguruma. Halijazimika.
Bado linalima huko chini.
Piga magoti, tega sikio,
utalisikia likibadili gia."

Basi wakaja. Kutoka Tartu, kutoka Riga,
na vigari vya watoto, na mbwa.
Nilimwona bwana mmoja wa suti ya harusi
magoti yakimlowa, jicho amelifumba,
mkewe akimuuliza, vipi, vipi?
Miaka kumi na tisa nimelinda mahali hapa.
Sikuwa nimeona mtu akipapigia magoti.

Barua ikaja kutoka makao makuu:
kumbukumbu hazionyeshi trekta lolote.
Nikajibu: tunachunguza.

Lakini hadithi nayo ina njaa yake.
Juni wakaanza kulitupia vipuri.
Bolti. Plagi. Mtoto mmoja spana ya baba yake,
ili fundi wa huko chini asikwame.
Maji meusi yakafanya utando wa kutu,
na sufi ya kinamasi ikasimama humo
kama mgeni aliyekaribishwa akasahauliwa.

Kaur sikumwita.
Alikuja mwenyewe, na ndoo, na sumaku kwenye kamba.
Siku nne alilala kifudifudi juu ya mbao
mbu wakimla shingo, akivua vyuma.
Nilimpelekea chai. Hakusema asante, hakusema samahani.
Siku ya tano akaomba rangi.

"Trekta limeacha kulima.
Lilifika kwenye mizizi ya miaka elfu saba, likaona haya.
Haliombi vipuri. Linaomba mtulie,
linahesabu milimita."

Uongo tena, nikamwambia.
Ndiyo, akasema, ila huu unajifagilia.

Bolti mia moja na kumi na mbili ziko ofisini kwangu,
kwenye ndoo, nyuma ya mlango. Mlango haufungi vizuri tangu hapo.

Oktoba tulikwenda kupima kina cha mboji,
mimi na yeye, na ile fimbo ndefu ya kuunganisha.
Mita ya kwanza, ya pili, inateremka bila ubishi,
ya nne unaongeza kipande, unasukuma, hakuna neno.
Ya tano ikagonga.
Ngo.
Tukatazamana. Korongo walikuwa wameshaondoka,
hapakuwa na wa kumsingizia.
Kisiki, nikasema. Humu vimejaa visiki.
Kisiki, akasema Kaur, mkono bado uko kwenye fimbo,
kama mtu anayeshika mlango unaotetemeka.

Kwenye fomu, safu ya maelezo, niliandika kwa penseli:
mita tano na robo, kizuizi.
Alisoma. Akageuza penseli upande wa kifutio
akaifuta nukta yangu